Hantaran ya Mwenye Digrii

"Elfu ishirini."

Shangazi Rohaya aliitamka kama anataja bei ya samaki, huku akimsogezea mgeni sahani ya vitumbua.

Pak Long Razlan, amu yake Syamil na msemaji wa upande wa mume, akakohoa. Hantaran, pesa ambazo bwana harusi humpelekea bibi harusi, ndiyo iliyomleta.

"Ringiti elfu ishirini za hantaran, dada? Mwezi uliopita, hapahapa Kuala Pilah, tumeposa kwa elfu nane."

"Yule aliishia sekondari. Iza wetu ana digrii ya uhasibu. Kila darasa na hantaran yake, kaka, mimi sikuanzisha."

Nyuma ya pazia la chumbani, Iza alisikia kila neno. Digrii inayopigiwa bei aliisoma kwa mkopo wa elfu ishirini na nane, na hilo hakuwahi kumwambia Syamil. Tangu ahitimu, kila barua ya mkopo aliisukumia chini ya godoro bila kuifungua. Mhasibu mzima.

Syamil, fundi viyoyozi, kwa mila haruhusiwi kuingia kwenye posa yake mwenyewe. Alikuwa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara. Iza akamwandikia:

"Wanataka 20,000."

"Nina nane. Nyingine nitakopa benki."

"Usikope. Nina deni la chuo, 28,000. Nilikuficha. Ukitaka kurudi kwenu, rudi."

Tiki mbili za bluu. Jibu hakuna.

Iza akafuta machozi kwa ncha ya ushungi, akafungua pazia. Shangazi akamkodolea macho.

"Rudi ndani wewe. Anayeposwa hatoki."

"Shangazi, unauza kitu ambacho hakijalipiwa. Pak Long, naomba radhi. Hiyo digrii nadaiwa elfu ishirini na nane. Huu hapa ushahidi."

Akafungua akaunti ya mkopo kwenye simu, kwa mara ya kwanza tangu atoke chuo, akasoma kwa sauti.

"Salio ni... elfu kumi na sita."

Akateremsha kidole kwenye orodha ya malipo. Mia tano. Mia tano. Mia tano. Miezi ishirini na minne, haukurukwa hata mmoja.

Akapiga simu, spika wazi.

"Syamil, ni wewe?"

"Mimi nimefanya nini tena?"

"Mia tano za kila mwezi."

Kikombe kikasikika kikigonga meza.

"Kwenye kozi ya ndoa ya wachumba, mwaka juzi, uliniachia kopi ya kitambulisho. Mkopo unalipika kwa namba ya kitambulisho tu. Na mama yako aliniambia unalalia barua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme. Umenichelewesha, mpenzi."

Pak Long akaanza kuhesabu vidole, taratibu, Shangazi amwone.

"Kumi na mbili keshatanguliza. Nane hizi hapa. Dada, kwako jumla ni ngapi?"

Shangazi akameza kitumbua kizima, akauliza:

"Na hizo kumi na sita zilizobaki?"

"Za kwangu," Iza akasema. "Nimesoma mimi, nitalipa mimi."

"Haya," Shangazi akasema, "mwiteni huyo fundi aingie. Mila keshaivunja bibi harusi, na kiyoyozi changu kinavuja tangu Jumatatu."

Iza hakusikia. Alikuwa keshafika barabarani, viatu mkononi, na ng'ambo Syamil anasimama, chai yote imemwagika kwenye shati la posa.