Salamu za Saa Nane Mchana

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa mtangazaji wa redio ya muziki ya mji wetu. Enzi hizo, kipindi chake cha salamu kikianza saa nane mchana, mafundi cherehani waliacha kukanyaga mashine wasikilize kama wametajwa. Kadi za salamu zilikuja kwa magunia. Halafu simu zikaleta muziki wa bure, na wale wale waliokuwa wakijipendekeza kwake wakapita mlangoni bila hata kumjulia hali. Binadamu hawana wema.

Redio ikabaki ikiishi kwa matangazo ya vifo. Kadi hazikuja tena.

"Kipindi kikikosa watu, nafunga," mwenye kituo alimwambia shangazi. "Tunga salamu."

Shangazi alikuwa na binti mmoja tu, mboni ya jicho lake, na kazi ile ndiyo iliyomlisha na kumsomesha. Akatunga. Majina yalipomwishia, akaanza kutumia ya marehemu aliowatangaza mwenyewe. Siku ya kwanza alisoma kwamba msusi wa sokoni anamsalimu jirani yake. Msusi alikuwa kaburini tangu mwezi uliopita.

Kesho yake simu ya studio, iliyokuwa imenyamaza siku nyingi, ikalia kipindi kikiendelea.

"Mimi msusi. Asante kwa kunikumbuka, dada," sauti ilinong'ona. "Ila yule jirani umenichagulia wewe. Leo nisalimie mume wangu."

Shangazi alidhani ni mzaha wa watu wasio na kazi. Akamsalimu huyo mume, akapiga wimbo. Jioni likaletwa tangazo la kifo. Alikuwa mume wa msusi.

Simu hazikukoma. Kila marehemu alikuwa na mtu wake, na kila aliyesalimiwa alikufa. Redio zikawashwa tena kila nyumba, watu wakisikiliza huku wakiomba wasitajwe. Matangazo ya vifo yakajaa. Mwenye kituo akanunua viti vipya.

"Bosi, tuache," shangazi alimsihi.

"Tuache? Sasa ndiyo tunasikilizwa!"

Siku moja msusi alipiga tena. Safari hii alimtaka binti wa shangazi.

Shangazi alikata simu. Alizima maikrofoni. Akainuka atoke.

Mwenye kituo, aliyesikia yote kutoka chumba cha mitambo, aliingia akaketi kitini pake. Akaiwasha maikrofoni.

"Msikilizaji haangushwi," alisema, akamsalimu binti yule kwa jina lake kamili. Kisha akapiga wimbo.

Binti alianguka nyumbani, mlangoni pa bafu. Wimbo haukuwa umekwisha.

Tulipotoka kuzika, mwenye kituo alikutwa studio amekufa kitini, vifaa vya kusikilizia bado masikioni. Kituo kikafungwa. Mnara uling'olewa, ukauzwa vyuma chakavu.

Lakini kila saa nane mchana shangazi hupakata redio yake ndogo, isiyo na betri. Anasema sasa mtangazaji ni bintiye.

"Bosi ndiye wa kwanza kusalimiwa naye," aliniambia. "Mimi namwomba kila siku anitaje nimfuate. Ananiruka."

Namhurumia, ila huwa namtania kidogo apate kucheka. Jana nilimkuta ameipakata.

"Leo kamsalimu nani, shangazi?"

Niliigusa redio mgongoni. Ilikuwa ya moto.

Shangazi alinishika uso kwa mikono miwili, akaanza kunililia kama alivyomlilia bintiye.