Jibu la Kinanda

Hebu nikuulize, umewahi kumfuata mumeo kwa masikio tu?

Fundi cherehani ndivyo alivyoishi. Kila Ijumaa mumewe, mpiga tarumbeta, alikutana na wenzake kupiga jazi ya swingi, ile ya kuyumbisha mabega, bila mazoezi, kila mtu akiingia anapojisikia. Mkewe alikatazwa kwenda.

"Wake za watu hawaendi kule," aliambiwa.

Basi kila Jumamosi mpiga ngoma wao humtumia rekodi kwenye simu, naye huisikiliza huku akipinda marinda. Aliipenda kwa sababu haikusafishwa: kiti kinakwaruza sakafu, mtu anakohoa, mwingine anakosea na kujicheka, halafu ghafla wote wanashikana, muziki unapaa, bega linatikisika lenyewe.

Jumamosi hiyo ujumbe ulisema: "Shemeji, jana mzee wako aliwaka! Sikiliza."

Tarumbeta ikapiga kile kipande kifupi alichopigiwa dirishani enzi za uchumba. "Hiki ni chako peke yako," mume aliapa wakati ule. Fundi akatabasamu, pini mdomoni. Lakini kabla hakijaisha, kinanda kikakidaka na kukimalizia polepole, kama mkono unaofunga kifungo cha shati. Nyuma, mpiga ngoma akapaza sauti:

"Mjibu mumeo, shemeji! Mjibu!"

Mguu ukaacha kukanyaga cherehani. Akarudisha rekodi nyuma, akasikia yaleyale. Akampigia mpiga ngoma.

"Shemu, mna mashemeji wangapi huko?"

"Lo! Shemeji... sikuisikiliza mpaka mwisho kabla ya kutuma."

"Huyo wa kinanda ni nani?"

"Muulize mwenyewe. Mimi napiga ngoma tu."

Mume akaingia akipiga mluzi.

"Mama watoto, chai ipo?"

Mkewe akaweka simu mezani, akaiacha iseme.

"Ah! Huo si utani wa wanamuziki?"

"Utani gani unaojua mwisho wa kipande changu? Mimi miaka yote nimesikia mwanzo tu."

"Amekizoea tu, bwana."

"Amekizoelea wapi?"

Mume akatafuta pa kutazama, macho yakaangukia marinda. Akakaa.

"Ni mwaka sasa," akasema chini. "Lakini na wewe, mke wangu, hukuwahi kusema unataka nini."

Mkewe akachomoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Nilitaka kiti kimoja mle ndani, hata karibu na mlango, nikusikie ukikosea. Basi. Leo nataka ufunguo wa nyumba hii. Uweke hapo."