Kompyuta Iliyopumua

Mama Wasifu aliandika maisha ya watu waliokufa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliijua. Msiba ukitokea, wafiwa walimwita. Aliketi nao akauliza maswali. Marehemu alizaliwa lini? Alifanya kazi gani? Alipenda nini? Aligombana na nani, na walipatana vipi? Kisha aliandika kurasa mbili au tatu. Siku ya mazishi mtu mmoja alisimama akazisoma mbele ya watu.

Kazi hiyo ilimfundisha jambo moja. Kila ndugu ana kipande chake cha marehemu, na kila mmoja hudhani kipande chake ndicho mtu mzima.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Watu walimwita Fundi Geti. Alikuwa mtu mwema, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Kompyuta mpakato ya mkewe ilipokufa baada ya miaka minane, alisema, "Mke wangu, hili niachie mimi."

Dukani alionyeshwa kompyuta mbili. Moja ilikuwa nyembamba na nyepesi kama sahani. Nyingine ilikuwa nene na nyeusi, na herufi zake ziliwaka taa nyekundu na zambarau. Fundi Geti alizipima mikononi, moja huku, nyingine huku. Hivyo ndivyo alivyopima vyuma. Katika kazi yake, chuma chepesi ni chuma kibovu. Geti jepesi mwizi hulifungua kwa goti.

"Ni ya kazi gani?" muuzaji aliuliza.

"Kazi ngumu."

"Basi chukua hii nzito. Ina nguvu. Wacheza gemu wote wanaitaka hii."

Fundi Geti hakusema kwamba kazi yenyewe ni kuandika. Muuzaji naye hakuuliza zaidi. Ndivyo tunavyonunua vitu wengi wetu, halafu tunamlaumu muuzaji.

Mama Wasifu alipoipakata mara ya kwanza, alihisi joto mapajani. Mkanda wa begi ulimkata bega. Chaja yake peke yake ilikuwa nzito kama tofali. Lakini mumewe alisimama mlangoni akitabasamu, naye akasema, "Asante, baba. Ni nzuri sana." Na kweli alimpenda kwa hilo, ingawa bega liliuma.

Wiki iliyofuata aliitwa kwenye msiba wa seremala mmoja. Jeneza lilikuwa sebuleni. Mama Wasifu alifunga kompyuta, akaitia begini, akaliweka begi chini ya kiti, karibu na jeneza. Watu waliinamisha vichwa kumkumbuka marehemu. Chumba kilinyamaza kabisa.

Ndipo pumzi ikasikika.

Ilianza polepole. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu anayejitahidi. Ikakoma. Ikaanza tena, kwa nguvu zaidi.

"Mnasikia?" shangazi mmoja alinong'ona.

Mwanga wa zambarau ulionekana ubavuni mwa jeneza, ukafifia, ukarudi. Mtoto alianza kulia. Mjane aliinuka taratibu, akaweka viganja vyake viwili juu ya mbao.

"Ni yeye," alisema. "Jamani, anapumua. Mfungueni!"

Mama Wasifu aligusa begi lake. Lilikuwa la moto kama mtu mwenye homa. Mwanga ulikuwa ukipenya kwenye zipu. Alitaka ardhi ipasuke immeze. Ilimbidi aseme mbele ya wote, "Samahani, mama. Si yeye. Ni mashine yangu." Mjane alimtazama kwa muda mrefu, viganja vikiwa bado juu ya jeneza. Uso ule Mama Wasifu hakuweza kuusahau.

Maneno hayana miguu, lakini hutembea. Siku tatu hazikupita, watu wakawa wanasema, "Ile mashine ya Mama Wasifu ina mtu ndani." Wengine walisema ina watu wengi, wote aliowahi kuwaandika. Simu yake ilinyamaza. Hakuna mfiwa aliyemwita.

Hata yeye alianza kuogopa. Mchana mmoja alikuwa peke yake nyumbani, akikunja nguo. Begi lilikuwa kitini, limefungwa. Lilianza kupumua. Alisimama na shati mkononi, akasema, "Hodi?" Kisha akajicheka. Lakini alitoka nje, akamaliza kukunja nguo barazani.

Siku ya nane alikuja mwanamke mmoja, mwalimu wa shule.

"Mama anakuita," alisema. "Bibi Simu."

Watu wengi walimjua Bibi Simu. Kwa miaka thelathini alikaa mbele ya mitambo ya simu, akiunganisha watu na watu. Sasa mapafu yake yalikuwa yamechoka.

"Pole, dada," Mama Wasifu alisema kwa sauti ya chini. "Ameshafariki?"

"Bado. Ndiyo maana anakuita sasa. Anataka aseme mwenyewe. Daktari anasema siku zake ni chache."

Chumba cha Bibi Simu kilikuwa kidogo, chenye soketi moja tu ukutani. Soketi hiyo ilikuwa ya mashine yake ya hewa. Mashine ilikoroma polepole, na mpira mwembamba ulitoka kwake hadi puani mwa bibi.

"Karibu, mwanangu," Bibi Simu alisema. "Maisha yangu yote nimeunganisha sauti za watu wengine. Yangu sikuisema. Wanangu sita, kila mmoja atasema lake. Nataka nitangulie kusema mimi. Niandike."

Mama Wasifu alifungua kompyuta. Herufi ziliwaka nyekundu. Feni zilianza kuvuma, zikaipita sauti ya mashine ya hewa.

Bibi Simu alisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Sasa tunapumua watatu humu ndani," alisema. "Na huyo wako anahema kuliko mimi. Tuone nani atakata kwanza."

Mwalimu hakucheka. Mama Wasifu naye hakucheka. Bibi alianza kusema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na feni ziliimeza. "Rudia, Bibi," Mama Wasifu alisema. "Rudia tena, nisamehe." Kila kurudia kulimlia bibi pumzi zake. Haikupita saa moja, kioo kikawa cheusi. Betri ilikuwa imekwisha.

"Naweza kuchomeka chaja kidogo?" Mama Wasifu aliuliza.

Mwalimu alisimama mbele ya soketi, akanyoosha mikono. "Hapana! Hiyo ni hewa yake."

"Amekata yeye kwanza," Bibi Simu alisema, akafumba macho. "Nenda, mwanangu. Ukipata anayenyamaza, rudi. Lakini wahi."

Mama Wasifu alitoka akilia wazi barabarani. Hakujali nani anamwona. Nusu ya maneno ya bibi alikuwa hajayahifadhi, na yalikuwa yamepotea.

Hakwenda nyumbani. Alimpitia mumewe karakanani, wakaenda pamoja kwa jirani yao, fundi wa kompyuta. Mwanamke huyo aliitwa Dada Bisibisi, kwa sababu bisibisi haikumtoka sikioni, kama kalamu.

"Shemeji, tuambie kweli," Fundi Geti alisema. "Ina nini hii?"

Dada Bisibisi aliigeuza, akaifungua mgongo, akacheka.

"Ina feni mbili. Mtu hamna."

"Mbona inaamka yenyewe begini?" Mama Wasifu aliuliza.

"Wewe huwa unaizima?"

"Nafunga kifuniko."

"Ukifunga kifuniko, inalala tu. Haijazimika. Ikiwa begini inaweza kuamka, ifanye kazi zake za ndani. Mle hamna hewa. Inapata joto, feni zinakimbia, taa zinawaka. Kabla ya kuitia begini, izime kabisa, subiri kioo na taa vizimike. Na hilo ni kwa kompyuta yoyote, si hii tu."

Mama Wasifu alikaa kwenye kiti. Alimkumbuka mjane na viganja vyake. Kumbe yote ni kwa sababu ya kutobonyeza kitufe kimoja cha kuzimia.

"Basi ni mbovu?" Fundi Geti aliuliza. Masikio yake yalipata moto kwa aibu.

"Si mbovu hata kidogo. Ni nzima, ina nguvu za punda. Lakini nguvu zinakula umeme, na umeme unaleta joto. Ndiyo maana ina feni kubwa na chaja kubwa, na betri haidumu. Anayecheza gemu anakaa mezani, karibu na soketi. Hajali. Mkeo anatembea nyumba za watu. Anaandika maneno. Maneno ni kazi nyepesi, shemeji, hata yakiwa ya msiba."

"Mimi niliona nzito ndiyo imara."

"Kwenye mageti, ndiyo. Niambie, mteja akija kutaka geti, unamuuliza nini kwanza?"

Fundi Geti alifikiri. "La wapi. Nani atalifungua, mara ngapi kwa siku."

"Enhe! Na kompyuta ni vivyo hivyo. Uliza kwanza ya nani, na ya kazi gani. Itakaa mezani au itatembea? Betri inadumu saa ngapi ukiwa unaandika? Iinue pamoja na chaja yake, kwa sababu utabeba vyote. Ifungue, usikilize. Bonyeza herufi, zikufae vidole. Mtu wa kuandika na kutuma barua hahitaji ya gemu. Mtu wa gemu au wa video, kompyuta nyembamba itamtesa."

Kisha akakuna kichwa kwa bisibisi.

"Ngoja kwanza. Mpiga video wa harusi, yule wa ghorofa ya juu, kila siku ananijia na manung'uniko. Alipenda wembamba, akanunua nyepesi. Sasa akikata video, inakwama bibi harusi akiwa mdomo wazi."

Walipanda ngazi wote watatu. Mpiga video aliichomekea chaja ile nyeusi, akaiwasha, akafungua harusi moja, na bibi harusi akafunga mdomo wake bila kukwama. Yule bwana alitaka kumkumbatia Fundi Geti. Dada Bisibisi alikagua zote mbili. Alihamisha kazi za kila mmoja, akafuta kilichobaki, akahakikisha betri ya ile nyepesi inadumu kwa saa tisa. Wakabadilishana.

Kwenye ngazi Fundi Geti alisema polepole, "Mke wangu, ungeniambia tangu mwanzo kwamba inakuumiza."

"Nilikuonea haya. Uliinunua kwa moyo."

"Moyo nao unahitaji kuuliza," alisema, akambebea begi. Aliliinua mara mbili, kama haamini kwamba lina kitu.

Asubuhi iliyofuata Mama Wasifu alikuwa kando ya kitanda cha Bibi Simu. Alifungua kompyuta. Haikutoa sauti. Mashine ya hewa tu ndiyo iliyokoroma.

"Imewaka?" bibi aliuliza.

"Imewaka, Bibi."

"Haya. Huyu anajua kusikiliza."

Alisema tangu asubuhi hadi alasiri, akipumzika kila alipochoka. Mama Wasifu aliandika, akahifadhi, akaandika. Soketi hakuigusa. Wakati mwingine bibi alinyamaza muda mrefu, na Mama Wasifu alitazama mpira ule puani, vidole vikiwa juu ya herufi, akiogopa. Kisha sauti ilirudi, ikaendelea palepale ilipoachia. Mwisho bibi aliomba asomewe yote. Alirekebisha jina la mtaa mmoja na mwaka mmoja. Mwanzo aliubadilisha wote, akataka uandikwe neno kwa neno.

Alifariki siku ya nne.

Mazishini watu walikuwa wengi. Wengine walipomwona Mama Wasifu na begi lake walisogea pembeni, wakatega masikio. Begi halikutoa hata mlio. Mwalimu alisimama kando ya jeneza akiwa na karatasi mkononi. Watu walitulia wamesimama, wakingoja tarehe ya kuzaliwa.

Mwalimu alisoma:

"Wanangu, hamjambo?"

"Hatujambo, Bibi," umati wote uliitikia.

Halafu wakasikia walichosema. Mtu mmoja alivua kofia yake. Mwalimu alishika karatasi kwa mikono miwili, akasoma mstari wa pili.

"Vizuri. Basi kaeni. Leo nasema mimi."

Na wote wakakaa.