Kasa wa Leimara

Jioni ile nilishuka ufukweni kufuta michoro ya watoto. Mchoro wa mchangani haulazwi nusu, na darasa langu lina wavivu wa kutosha.

Tulikuwa tumejifunza kumchora kasa. Kwanza mistari ya kupimia, halafu kidole kinaingia mchangani: gamba, mapezi, kichwa, mkia, mpaka kirudi pale kilipoanzia. Kidole hakiinuliwi hata kidogo. Huku kwetu kisiwani Epi tunajifunza hivyo tangu utotoni, kwa sababu kwenye njia ya wafu kuna mmoja anayekaa akisubiri. Anachora, anafuta nusu, anakwambia umalizie. Usipojua, anakula.

Nilifuta pweza, nikafuta papa. Halafu nikasikia harufu ya majivu yaliyolowa...

Leimara, mtoto wa dada yangu, alikuwa amechuchumaa peke yake. Nilidhani yuko kwao anakuna viazi vikuu vya laplap, mkate wetu wa kuoka. Mbele yake alikaa bibi nisiyemjua, kiganja chake kimelalia mchoro wa kasa. Nusu ya kasa haikuwepo tena.

Mchanga kumzunguka bibi haukuwa na alama hata moja ya mguu.

"Mama mdogo," Leimara alinong'ona. "Nilirudi kummalizia kasa wangu. Sasa kidole hakitoki."

Nikamvuta. Kidole kilikuwa kimezama, na mchanga ulikuwa unaendelea kukimeza... polepole.

"Amalize," bibi alisema. "Asipojua, ni wangu."

"Nimesahau," Leimara alisema, akilia.

Niliogopa, sisemi uongo. Lakini hasira ilinipanda kuliko woga. Mtoto mdogo vile, na jitu zima limemkalia mbele kama msimamizi wa mitihani!

"Leimara, nisikilize mimi. Gamba tayari. Pinda kushoto."

"Usimfundishe. Kwangu hafundishwi mtu."

"Hao ni wafu wako. Huyu yuko hai, na mimi ni mwalimu wake. Kushoto, mwanangu. Pezi la mbele."

Kidole kilisogea.

Srrr... srrr...

Ndipo sauti yangu mwenyewe ikatoka mdomoni mwa bibi, tamu kuliko yangu.

"Pinda kulia, mwanangu."

Leimara akasita. Mchanga ukamfika kiganjani.

Nikanyamaza kabisa. Nikapiga magoti nyuma yake, nikamgusa bega la kushoto. Akapinda kushoto. Nikamgusa la kulia, akapinda kulia. Bibi aliita kwa sauti yangu, akaita kwa ya mama yake, na mtoto hakumfuata. Pezi. Kichwa. Pezi. Mkia...

Mstari ukafunga.

Kidole kikatoka, cheupe, baridi. Nikambeba Leimara mgongoni.

"Na wewe?" bibi aliuliza taratibu. "Siku yako, nani atakugusa bega?"

"Siku hiyo nitajua mwenyewe. Sasa tupishe."

Nilipogeuka tena hakukuwa na mtu, ila ile harufu.

Asubuhi tulikuta ufukweni pamechorwa nusu ya mnyama wa bahari, mpana kuliko nyumba ya mikutano. Hakuna mzee kijijini anayemjua. Dada yangu anataka darasa lifungwe. Nimekataa. Nimewakalisha watoto kumzunguka, Leimara mbele yao, na tunajaribu kuichora nusu ile nyingine. Maji ya bahari yameshapita juu yake mara nyingi, hayajamfuta.

Bado hatujaipata.