Udongo Uliohamia Bondeni

Mama Pacha alilima kwenye mteremko mkali. Watu walimtania kwamba ng'ombe wake ana miguu mifupi upande mmoja. Alicheka nao, lakini moyoni hakuwa na raha.

Kila mvua iliponyesha, maji ya kahawia yalishuka yakikata shamba. Maharage yalidumaa. Mumewe, Baba Pacha, alisema msimu huu ukishindikana watahamia mjini, akatafute vibarua. Mama Pacha aliumia. Shamba lile aliachiwa na mama yake mzazi.

Wakachimba mitaro ya kuzuia maji, migongo ikawauma. Udongo waliutupa upande wa chini, kwa sababu huko ni rahisi. Mvua moja tu ikauzoa wote.

Asubuhi Mama Pacha alishuka bondeni kwa Bibi Shamba. Mama huyo alifundisha wakulima miaka mingi kabla ya kustaafu. Mboga zake zilikuwa zimestawi ajabu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata udongo wako?"

Mama Pacha alidhani ni utani. Bibi Shamba akachimbua udongo mweusi, akamwekea kiganjani.

"Huu ni wa kwenu. Mimi navuna jasho lenu, na sifurahii."

Wakapanda wote mlimani. Bibi Shamba alifunga miti mitatu kwa umbo la herufi A, akaning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Kamba ikitulia katikati ya mti uliolala, alieleza, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Hapo ndipo mtaro unapita, ukikata mteremko.

"Na udongo mtupe upande wa juu," alisema. "Ndio utakaokuwa ukuta wenu. Kisha pandeni majani ya ng'ombe juu yake, mizizi iushike. Ni kazi ngumu, siwafichi."

Baba Pacha alichimba upya akinung'unika wiki nzima. Nusu ya udongo aliorusha ilimrudia kichwani. Lakini hakuliweka jembe chini.

Mvua kubwa ilipokuja, Mama Pacha hakutulia. Ilipokatika tu, alikimbilia shambani. Maji yalikuwa yametuama mitaroni, yakizama ardhini taratibu. Kuta zilikuwa zimesimama. Alikaa chini kwenye tope, akalia kwa furaha.

Maharage yalizaa vizuri, na ng'ombe akapata majani ya kutosha. Habari za mjini zikaisha zenyewe. Baba Pacha alijaza debe la maharage, akalibeba mwenyewe hadi bondeni.

"Bibi," alisema akilitua mlangoni, "safari hii tumekuletea maharage. Udongo tumebaki nao."