Kizuizi cha Saba

Kila asubuhi Swabra alishuka baiskeli mara nne kabla ya kufika shuleni, na hata mara moja hakushuka kwa kupenda. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye nguzo ya stima. Nguzo hiyo ilisimama katikati ya njia ya baiskeli bila haya yoyote. Mafundi wa rangi walipoifikia hawakujisumbua kuuliza imefikaje pale. Waliizungushia rangi ya kijani vizuri kabisa, wakaendelea na kazi yao.

Barabara ya Kwa Nguma, inayochepuka kutoka Magongo, ilikuwa imetengenezwa upya mwaka uliopita. Watu walifurahi kuona pembeni pametengwa njia ya baiskeli, maana waendesha baiskeli pale ni wengi: vibarua wanaowahi viwandani, wauza mikate, wanafunzi. Furaha hiyo haikumaliza wiki. Ilionekana wazi kwamba aliyeichora njia ile hajapanda baiskeli tangu azaliwe. Kila penye njia panda palikuwa na ukingo wa saruji unaofika magotini, kwa hivyo ilikubidi mtu ashuke, ainue baiskeli, kisha apande tena. Vyuma vya kufunikia mtaro vilikuwa na matundu marefu yaliyoelekea kule kule magurudumu yanakokwenda, na gurudumu likiingia halitoki kwa hiari. Mbele ya ukuta wa ghala moja njia ilikatika ghafla, ikaanza tena ng'ambo ya barabara, kana kwamba baiskeli zina mbawa.

Swabra alikuwa gredi ya sita. Alikwenda shule pamoja na jirani yake Gladys, binti wa mzee Fondo, mwashi. Gladys alipenda kukaa nyuma. Alisema anayetangulia ndiye anayewaonyesha wenzake mashimo.

Siku moja mwalimu wao wa Sayansi, Mwalimu Kiponda, aliingia darasani suruali yake imechanika goti. Watoto wakaangua kicheko.

"Chekeni," alisema mwalimu. "Chuma cha mtaro kimeniangusha mbele ya kinyozi, na wateja wake wamecheka kuliko nyinyi. Kesho ni zamu yenu." Akasubiri wanyamaze. "Kulalamika sote ni mabingwa. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kukaa akaandika ni nini hasa kibaya, na kiko wapi?"

Hakuna aliyeinua mkono. Siku hiyo ikaamuliwa kwamba darasa litaandika orodha ya kila kizuizi kilichomo njiani, kutoka Magongo hadi lango la shule, na orodha hiyo itapelekwa kwa wahandisi wa barabara. Swabra alipewa kuandika kwa sababu hati yake ilisomeka. Gladys alipewa futi ya kupimia.

Jumamosi walitembea njia nzima wakipima na kuandika. Nguzo, namba moja. Vyuma vya mtaro, mbili. Kingo za saruji, tatu. Steji ya bodaboda iliyojimwaga njiani, nne. Malori yaliyoegeshwa, tano. Njia iliyokatika, sita. Lakini kati ya steji na malori kulikuwa na kitu kingine, nacho kilinukia iliki.

Ilikuwa meza ya Bi Barke, mama yake Swabra. Kila siku tangu alfajiri hadi saa nne aliuza mahamri na mbaazi hapo, na meza yake ilichukua zaidi ya nusu ya njia ya baiskeli. Mteja akisimama kununua, njia yote ilizibika.

"Haya, wahandisi wangu, kuleni kwanza," Bi Barke aliwaambia, akawapa kila mmoja hamri la moto.

Walipofika mbele kidogo, Gladys aliuliza kwa sauti ya chini, "Na meza ya mamako je? Tuipime?"

"Meza si barabara," Swabra alijibu haraka. "Isitoshe, saa nne huondolewa."

Gladys alitazama kipande cha hamri kilichobaki mkononi, akakitia mdomoni.

Swabra alijua anachofanya. Mwaka uliopita askari walikuja na gari wakaibeba meza ya muuza matunda, na mpaka leo yule mama hajarudi. Meza ya mahamri ndiyo iliyomlisha Swabra na wadogo zake wawili tangu baba yao alipofariki. Je, aandike kwa mkono wake mwenyewe karatasi ya kuwaita askari? Aliiacha. Orodha ikaenda na vizuizi sita. Baada ya siku chache jibu lilikuja: mhandisi angefika Alhamisi kuikagua njia pamoja na wanafunzi. Darasa zima lilipiga makofi, na Swabra akapiga pia.

Jumanne asubuhi, siku mbili kabla ya mhandisi kuja, Swabra alitangulia kama kawaida. Alipita mbele ya meza, akampungia mama yake mkono. Nyuma yake kibarua mmoja alisimamisha baiskeli ili anunue mbaazi. Gladys alipofika alikuta njia imefungwa, akaingia barabarani ili azunguke. Tuktuk iliyokuwa ikija nyuma yake ilijaribu kumkwepa, lakini ikamgusa usukani. Swabra alisikia kishindo, halafu sauti ya mama yake.

"Yarabi! Mwana wa watu!"

Bi Barke aliruka meza yake, akamnyanyua Gladys, akamfunga mkono kwa leso na kuingia naye katika tuktuk ile ile kumpeleka hospitali. Sufuria ya mbaazi aliiacha mezani, wala hakugeuka kuitazama.

Mkono ulikuwa umevunjika karibu na kiganja. Alasiri Mwalimu Kiponda aliongozana na Swabra kwenda kumjulia hali nyumbani kwao. Gladys alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa plasta nyeupe.

"Pole, binti yangu," mwalimu alisema. "Uliangukia wapi hasa?"

Gladys alimtazama Swabra, kisha akatazama plasta. "Kwenye nguzo, mwalimu."

"Nguzo!" Mwalimu alipandwa na hasira. "Alhamisi nitamwambia mhandisi mbele ya watu wote kwamba nguzo yao imemvunja mwanafunzi wangu mkono."

Swabra alijua si nguzo. Rafiki yake alikuwa na maumivu, na juu ya maumivu hayo alikuwa amembebea uongo wake. Sasa uongo ule ulikuwa unataka kwenda hadi kinywani mwa mwalimu. Alitamani kusema, lakini akaondoka bila hata kumwambia Gladys pole.

Nyumbani alimkuta mama yake uani, amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Aliketi kando akaanza kuchambua mbaazi, na kila akitoa jiwe moja aliacha mawili.

"Swabra!"

"Abee, mama."

"Una nini? Mbaazi hizo nikizipika hivyo nitawavunja watu meno."

Basi Swabra akaeleza yote: meza, orodha, hamri, nguzo. Mama yake aliacha kukuna. Swabra aliona heri angegombezwa.

"Kwa hivyo kuna karatasi imekwenda kwa wakubwa," Bi Barke alisema mwishowe, "imeandikwa kila kitu kilichoko barabara hii, hata malori, na mimi simo?"

"Nilikuwa nakuficha, mama. Nilichelea wasije wakakuondoa."

"Wanificha! Kwani mimi ni haramu?" Sauti yake ilitetemeka, na Swabra akaona kwamba mama yake ameumia zaidi ya kukasirika. "Sikiza, mwanangu. Wajua meza yangu ilikuwa wapi kabla ya barabara?"

"Nyuma, karibu na ukuta."

"Na sasa pana nini hapo nyuma?"

Swabra alifikiri. "Mtaro."

"Mtaro wazi, wa kina cha kiuno changu. Walichimba, wakaenda zao, hawakuufunika. Hawakuniuliza nitasimama wapi. Nikasogea mbele, maana ndani ya mtaro siwezi kuuza. Wewe wanipita kila siku na baiskeli yako. Hilo hukuliona?"

Swabra aliuweka chini ungo wa mbaazi. Makosa ya wachoraji wa njia aliyajua yote kwa hesabu, lakini hili, lililokuwa mgongoni mwa mama yake mzazi, hakuliona kabisa.

Bi Barke akashika nazi yake tena. "Andika," alisema. "Andika meza imefunga njia, maana kweli imefunga, na mkono wa mtoto wa watu umevunjika. Lakini andika na mtaro. Kesho twenda shule sote wawili."

Usiku ulikuwa haujaingia bado. Swabra alikimbia kwa Gladys, akamwambia pole iliyomkwama mchana, na kwamba atasema ukweli.

"Afadhali," Gladys alisema, akashusha pumzi. "Uongo ule uliniwasha kuliko plasta. Lakini mamako je?"

"Ndiye aliyenambia niandike."

Asubuhi ya Jumatano Bi Barke alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, amevaa buibui lake jema. Swabra alieleza mwenyewe, kichwa chini. Mwalimu Kiponda aliiweka kalamu yake mezani.

"Ningesimama kesho mbele ya wageni nikasema uongo," alisema, "nami nikiamini kwamba nasema kweli. Mhandisi angeuliza kidogo tu, angeujua. Je, angeamini tena hivyo vizuizi sita vya kweli?"

"La, mwalimu."

"Nyani haoni kundule, Swabra. Hata mimi nimenunua mahamri pale mara ngapi, baiskeli yangu nimeiegesha katikati ya njia, na sikujihesabu miongoni mwa vizuizi." Akamsogezea karatasi. "Keti uandike namba saba."

Alhamisi mhandisi alifika. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyejitanda mtandio wa kahawia, mzaliwa wa Mtongwe, jina lake Bi Mwanatatu. Wanafunzi walitarajia hotuba, lakini yeye aliuliza tu, "Ni nani ataniazima baiskeli?" Swabra akampa yake.

Kwenye nguzo alishuka, akatikisa kichwa. Kwenye chuma cha mtaro gurudumu la mbele lilinasa, na kama Mwalimu Kiponda hangemdaka angebusu lami. Aliinua baiskeli juu ya ukingo wa kwanza, wa pili, na kwenye wa tatu alikuwa anahema. Hakuna aliyethubutu kucheka. Hatimaye aliipita steji, akaifikia meza na kusimama, kwa kuwa hapakuwa na pa kupita.

"Na hii je?" aliuliza. "Katika orodha mliyonitumia sikuiona."

Swabra alikunjua karatasi yake. Akatoka mbele ya wenzake nayo mkononi. "Hii ni namba saba, mama. Ni meza ya mama yangu. Niliificha makusudi, nikakosea. Juzi rafiki yangu alivunjika mkono hapa." Kisha akasoma: "Meza ya Bi Barke imefunga njia ya baiskeli. Zamani ilikuwa nyuma, mahali ambapo sasa pana mtaro. Mtaro haukufunikwa, na wauzaji hawakuachiwa mahali."

Bi Mwanatatu alikwenda nyuma ya meza, akachungulia mtaroni. Akafungua ramani yake na kuitazama muda mrefu.

"Katika ramani yangu hapa hapana mtu," alisema polepole. Kisha akamgeukia Bi Barke kwa tabasamu dogo. "Nimepokea barua nyingi za watu wakiwashtaki jirani zao. Ya mtoto kumshtaki mamake ni ya kwanza."

"Hakunishtaki," Bi Barke alijibu. "Amenitaja."

Tabasamu la mhandisi likatoweka. Alitoa kalamu na kuweka alama mahali pale kwenye ramani, kisha akaomba futi ya kupimia.

Mambo hayakutengenea kwa siku moja. Bi Barke aliambiwa asiweke meza njiani mpaka kazi imalizike, na kwa wiki saba aliuzia mlangoni kwake, ambako wapita njia ni wachache. Swabra aliamka mapema kumsaidia, na ziko siku walizorudisha mahamri ndani wakayala wenyewe asubuhi na jioni. Lakini vyuma vya mtaro viligeuzwa, matundu yakakingama. Kingo zilichongwa zikawa mteremko. Mwishowe vikaja vipande vizito vya zege, mtaro ukafunikwa, na juu yake wauzaji wakapewa mahali. Nguzo ya stima ingali pale mpaka leo, ikisubiri wenyewe, watu wa stima.

Asubuhi ya kwanza ya meza kurudi, Swabra alisimama na baiskeli yake akimtazama mama yake akipanga mahamri juu ya zege. Kibarua mmoja aliegesha baiskeli kando ya meza. Gladys, plasta imeshatolewa, alipita moja kwa moja njiani mwake akapiga kengele.

"Mama," Swabra aliuliza, "ulijuaje kwamba hawatakuondoa?"

"Sikujua," Bi Barke alisema.

Swabra alishangaa. "Hukujua?"

"Ningejuaje? Nililala siku mbili bila usingizi." Alimpa kibarua mbaazi zake, akamgeukia binti yake. "Ukweli haukupi ahadi, mwanangu. Wausema kwa sababu mtoto wa mwenzio ameumia, basi. Lakini wazee walisema mficha uchi hazai. Ungeendelea kunificha, mtaro ule ungekuwa wazi hadi leo, na mimi ningekuwa bado niko njiani, namngoja mtoto mwingine aanguke. Ukiandika makosa ya watu, andika na ya nyumbani kwenu. Ndipo watu watakapokuamini, na ndipo utakapojua dawa yake." Akafunga mahamri mawili kwenye karatasi. "Haya, hili lako na hili la Gladys. Nenda, utachelewa."