Harufu Waliyomsingizia Panya

Nyumba ya seremala ilikuwa na furaha siku ile. Binti yake alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni ya masista, na mama yake, mshonaji, alikuwa ameweka cherehani kando ili apike. Alasiri wangekuja wanajumuiya, wale majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, kumshukuru Mungu kwa masomo ya binti.

“Karibu, Mama Mkuu!” baba alimtania akimpokea sanduku. “Tupige magoti, au utatubariki tukiwa tumesimama?”

“Simameni tu, baba. Hayo magoti yako yakishuka, nani atayanyanyua?”

Wakacheka. Ndugu msomaji, kicheko kile kilikuwa cha kweli. Hawakuwa watu wabaya, na ndiyo maana nawasimulia habari zao.

Binti alipoingia sebuleni, alikunja pua.

“Ni panya,” mama akasema upesi. “Amefia darini. Baba yako amepanda na kushuka mpaka tumechoka, hamwoni.”

“Leo nitampata,” baba akasema akiegemeza ngazi. “Wageni hawawezi kusali na maiti.”

Binti hakucheka. Harufu ile aliijua. Karibu na shule yao masista walikuwa na nyumba ya wazee, na kila Jumamosi wanafunzi walikwenda kuwaosha, kuwalisha na kuwageuza wasioweza kujigeuza. Mara ya kwanza alipoona kidonda cha mgonjwa aliyelala mno upande mmoja, alitoka mbio akatapika bombani. Sista mlezi akampa maji ya kusukutua. “Umemaliza?” akamwuliza kwa upole. “Haya, turudi. Yule mama bado hajageuzwa.” Hakumkemea, wala hakumruhusu kukimbia. Binti alirudi, na Jumamosi nyingine akarudi tena, mpaka pua yake ikajifunza kazi pamoja na mikono.

“Mama, bibi yuko wapi?”

“Chumba cha nyuma, amelala. Mwache apumzike, asubuhi alikula.”

Bibi huyo, mama mzazi wa seremala, alikuwa ameanguka bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuinuka. Mkwewe alimpelekea chakula bila kukosa, pamoja na beseni na kitambaa ajifute mwenyewe, kisha akafunga mlango. Kumwosha aliona haya: mkwe ni mkwe. Mwana naye aliona haya zaidi: atamfunuaje mama yake? Kila mmoja alidhani mwenzake anajua yaliyo chini ya shuka.

Binti akabisha hodi, akaingia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mke mwenzangu. Umenenepa! Kumbe masista wanakula vizuri.” Sauti ilikuwa nyembamba, na mkono wake ulikuwa wa moto.

“Nataka kukugeuza kidogo.”

“Niache. Nitawachafulia sherehe yenu.”

“Bibi, mimi na wewe mume wetu ni mmoja. Tutaoneana haya ya nini?”

Bibi akacheka, akajiachia. Binti akamwekea mto katikati ya magoti kama alivyofundishwa, akamvuta taratibu. Shuka ikaja imegandana na ngozi. Chini ya kiuno palikuwa na kidonda kilichochimbika, cheusi pembeni.

“Baba,” akaita, “shuka kwenye ngazi. Hakuna panya.”

Wakaja wote wawili. Mama alipoona, alijishika kichwa. Kisha, ndugu zangu, akasema neno baya kuliko kidonda: “Wanajumuiya wako njiani. Mfunike. Tutampeleka kesho.”

“Mama, ana homa. Kesho anaweza asiwepo.”

“Unataka watu watucheke?”

“Nataka bibi apone.” Hakuondoa mkono begani mwa bibi. “Wakija, waambieni sala iko huku.”

Hodi ikapigwa sebuleni. Mama akamtazama mumewe, na mumewe akatazama kidonda. Halafu akaenda kufungua mlango mwenyewe.

“Karibuni,” akasema, “lakini msikae. Mama yangu anaoza, na mimi nilikuwa darini.”

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wao, muuguzi mstaafu, alikunja mikono ya gauni akaingia chumbani. Mwingine akachemsha maji, na dereva wa teksi, aliyekuwa amemsindikiza mkewe tu, akaenda kuwasha gari. Hospitalini daktari aliwaambia sumu ilikuwa imeanza kuingia kwenye damu. Wangengoja, wangezika.

Mungu ni mwema. Kabla likizo haijaisha, bibi alirudi nyumbani, kidonda kikiwa kinafunga. Binti akawaita wazazi wake awaonyeshe namna ya kumgeuza. Mama akashika nyonga bila kusita. Baba akabaki akitazama ukuta.

“Nini tena?” bibi akauliza.

“Naona haya, mama.”

“Haya? Nilikugeuza wewe kabla hujajua kujigeuza. Tena ulikuwa unalia, mimi silii. Shika hapo.”

Akashika. Binti akatoka, akaketi kizingitini. Alimsikia bibi akifoka ndani, “Polepole, mimi si ubao!” na baba akijibu, “Samahani, mama,” na mama akicheka. Akainamisha kichwa, akashukuru.

FUNZO

Wapendwa, sahani ya chakula haitoshi. Mtu anaweza kushiba na bado akafa kwa kukosa mkono wa kumgusa. Tusiite heshima kile ambacho ni woga wetu tu.

Nanyi wazazi mnaonung’unika kwamba shule inawapotezea watoto Jumamosi kwa kuosha wazee wa watu, tulieni. Aliyejifunza kutomkimbia mgeni hatamkimbia bibi yake, na siku moja hatawakimbia ninyi. Na sisi tunaosali nyumba kwa nyumba, tukishakaribishwa viti, tuulize kwa upole: ni nani wa nyumba hii hayupo hapa? Kisha tuinuke, tukamsalimie.